Kodiani ndani ya birika

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu muziki na usikilizaji

"Mwanangu mwandishi, hujambo? Mimi ni mzee wa Tanga, miaka 74. Nilipiga kodiani kwenye taarabu tangu ujana wangu mpaka vidole viliponikatalia kwa baridi yabisi. Mpwa wangu aliyeko Ujerumani amenitumia albamu ya mwanamke wa Kimarekani, Pauline Oliveros, na wenzake wawili. Inaitwa Deep Listening. Kaniambia, 'Mjomba, huyu ni mpiga kodiani mwenzio.' Nimesikiliza mara tatu kwenye simu yangu, barazani, baada ya alasiri. Kodiani sijaisikia. Beti hakuna, kiitikio hakuna, ngoma hakuna. Nasikia mvumo tu, kama upepo kwenye mlango wa ghala. Sitaki kumvunja moyo kijana, wala sitaki kumwambia uongo. Je, huu ni muziki? Na kama ni muziki, unasikilizwaje?"

Shikamoo mzee wangu. Barua yako imekaa mezani kwangu siku tano na kila siku nimeirudia. Umeuliza mawili, lakini lipo la tatu umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo nitakaloanza nalo: umesikiliza kwenye simu.

Spika ya simu haizidi ukucha wa kidole gumba. Sauti nyembamba inazitoa, sauti nene haziwezi. Katika albamu hii Stuart Dempster anapiga tromboni na didjeridu, lile bomba refu la mti la wenyeji wa Australia, na mvumo wa didjeridu uko chini kabisa, chini kuliko spika ya simu inavyoweza kushuka. Umealikwa pilau ukaishia kunusa moshi wa jikoni. Tafuta jirani mwenye sabufa, au azima hedifoni zile za kufunika sikio zima. Na mpwa wako akutumie faili lenyewe, asilipitishe kama ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya maneno, na kisichofanana na mtu anayeongea hupunguzwa au hutupwa. Muziki huu karibu wote ni hicho kinachotupwa.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuhusu mahali, kwa sababu bila kujua mahali huwezi kuipata kodiani.

Hawa watu watatu, Oliveros, Dempster na mwimbaji aitwaye Panaiotis, hawakurekodi studio. Tarehe 8 Oktoba 1988 waliteremka chini ya ardhi, wakaingia ndani ya birika la maji lililokuwa limekauka, katika ngome ya zamani ya kijeshi ya Fort Worden, mji wa Port Townsend, jimbo la Washington, kule kaskazini magharibi mwa Marekani. Usilifananishe na birika la kutawadhia msikitini. Hili lilijengwa kubeba galoni milioni 2, yaani kama lita milioni 7 na nusu. Boza la lita 10,000 lingepiga safari 750 kulijaza. Kina chake ni kama mita 4, umbo lake duara, na dari limebebwa na nguzo nyingi kama minazi shambani. Kote ni zege tupu, nalo zege halimezi sauti. Ukipiga kofi moja mle ndani, mlio wake unachukua sekunde 45 mpaka ufe.

Nimezihesabu sekunde hizo kwa saa ya ukutani, nikapiga na hesabu nyingine ambayo wewe mtu wa Tanga utaielewa haraka. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Kwa sekunde 45 inakuwa imekwenda zaidi ya kilomita 15. Ni karibu sawa na kutoka Tanga mjini mpaka mapango ya Amboni na kurudi. Safari hiyo yote sauti imeikwenda ndani ya birika, ikigonga ukuta, nguzo, dari, nguzo, ukuta, kila mara ikipungua kidogo sana.

Ulishaingia Amboni? Mimi nilipelekwa na shule nikiwa darasa la sita. Kila mtoto aliita jina lake, na kila mtoto alijibiwa. Huo ndio mwangwi tuliouzoea: unaita, unanyamaza, unajibiwa. Ndani ya birika la Fort Worden hakuna zamu ya kujibu. Majibu yanafika kwa maelfu, kutoka pande zote, yameshikana kama uji uliokorogwa vizuri, na kabla hayajaisha wewe umeshatoa sauti nyingine. Mpiga anafika mahali hajui ipi ndiyo sauti anayoitoa sasa na ipi aliitoa nusu dakika iliyopita. Birika linakuwa mpigaji wa nne, tena ndilo lenye mkono mzito kuliko wote.

Sasa kodiani yako. Huisikii kwa sababu sikio halitegemei sana mlio wa katikati kuitambua ala. Linategemea zaidi mwanzo: kile kishindo kidogo pale kidole kinapobonyeza, upepo unapogusa kijilimi cha chuma kwa mara ya kwanza. Mfaransa Pierre Schaeffer alilionyesha hilo mwaka 1948 kwa kengele. Alirekodi kengele, akaukata mwanzo wa mlio, akaacha mkia peke yake, na kilichobaki hakikusikika kama kengele tena. Birika linafanya kazi hiyohiyo bila mkasi. Mwanzo wa kila noti unafunikwa na mikia ya noti zilizotangulia. Na Oliveros mwenyewe anaufungua mvukuto polepole mno, kana kwamba anamwamsha mgonjwa. Ukiondoa mwanzo wa mlio, kodiani, tromboni na koo la binadamu vinakuwa ndugu. Panaiotis akiingia na sauti yake, hata mimi niliyeisikiliza albamu hii kwa miaka mingi kuna mahali siwezi kuapa ni nani anayevuma.

Lakini wewe una sikio ambalo mimi sina. Mimi nilikuwa fundi mitambo wa redio, wewe ulikuwa mpigaji. Nitakupa kazi mbili ambazo msikilizaji wa kawaida sithubutu kumpa.

Ya kwanza ni mvukuto. Unajua pale unapofika mwisho wa kuufungua na huna budi kugeuza, kuna kukatika, na mpigaji analificha pengo hilo mwishoni mwa mstari, mwimbaji anapovuta pumzi. Sikiliza Oliveros anavyogeuza mvukuto mle ndani. Pengo lipo, ila birika limeshalijaza kabla sikio halijaliona. Ukilipata pengo moja tu, kodiani yote itakufunukia.

Ya pili ni namna ala ilivyotiwa sauti. Kodiani ya dukani inaigawa oktavu, yaani safari ya kutoka noti moja mpaka ijirudie juu, hatua 12 zilizo sawa, na kwa ajili ya usawa huo karibu kila pacha ya noti imekosana kidogo na mwenzake. Ndiyo maana zikishikwa mbili kwa muda mrefu hutetemeka. Oliveros aliibadilisha yake, noti zikakaa kwa uwiano wa asili, tatu kwa mbili, tano kwa nne, kama nyuzi zinavyopatana zenyewe zikiachwa. Mafundi wa Misri nao walizibadili kodiani zao ili zitoe robo sauti za makamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Huenda hata wewe uliwahi kumpelekea fundi ala yako, akakikwangua kijilimi kwa tupa: nchani sauti ipande, shinani ishuke. Mahali ambapo noti moja inaishi sekunde 45, noti zisizopatana zingegombana muda wote huo. Zikipatana, hutulia, na juu yake unaanza kusikia milio myembamba ambayo hakuna aliyeipiga.

Umeuliza kama huu ni muziki. Mzee wangu, umewahi kumsubiri mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, amalize taksimu? Ngoma zimenyamaza, mwimbaji amekaa, mtu mmoja anatembea ndani ya makamu bila mapigo, anagusa, anasita, anarudi, na hakuna aliyeandika atakachopiga. Ukumbi mzima unangoja, na wajuzi wanasema "Allah" kabla wimbo haujaanza. Hakuna aliyewahi kuinuka kuuliza wimbo uko wapi. Basi Deep Listening ni taksimu ya watu watatu, karibu saa nzima, na wimbo haufuati. Tofauti zipo, sitazificha: taksimu ina makamu yake na njia zake za kupita, na msikilizaji anazijua njia hizo. Hapa njia inatengenezwa palepale na anayeitengeneza anaisikia kwa mara ya kwanza pamoja nawe. Kwa jibu langu mimi, ndiyo, ni muziki, na ni muziki wa watu waliojizuia sana. Kosa la kwenye taarabu hufunikwa na ngoma. Kosa la kwenye birika, mpigaji anakaa nalo robo tatu ya dakika pamoja na wenzake wote. Ndiyo maana wanapiga kidogo hivyo.

Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa zamu ya usiku studioni. Mgeni mmoja alituachia sidii. Niliiweka kwenye mtambo, na baada ya dakika moja niliinuka kwenda kukagua nyaya, kwa sababu mvumo mrefu kwa fundi wa redio maana yake ni waya wa ardhi umekatika. Nilichomoa, nikachomeka, mvumo uko palepale. Ndipo nikaketi. Kipande cha kwanza, Lear, kinachukua kama dakika 25, nami niliketi mpaka kikaisha, na kilipoisha niliisikia studio ile kama sikuwahi kufanya kazi mle: kipoza hewa, taa ya mwisho wa chumba, bomba la maji la ghorofa ya juu. Nilikuwa nimelipwa mshahara kwa miaka kadhaa ili nisikilize, na vitu hivyo vyote vilikuwa vinalia juu ya kichwa changu.

Baadaye niligundua kwamba kilichonipata kilimpata na yeye. Oliveros alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1932. Mama yake alifundisha piano, na kodiani iliingia nyumbani mwao binti akiwa mdogo. Alipotimiza miaka 21 mama yake alimpa zawadi ya mashine ya kurekodi. Binti akaiweka dirishani, akarekodi. Aliposikiliza akakuta sauti ambazo yeye, aliyekuwa amesimama palepale, hakuzisikia. Tangu siku hiyo alijiwekea ada ya kusikiliza kila kitu kila wakati, na kujikumbusha kila anapogundua kwamba ameacha. Kuanzia miaka ya 1970 alitunga mazoezi yasiyo na noti, maneno matupu; mojawapo linakutaka utembee usiku kimya mpaka nyayo zako ziwe masikio. Jina la albamu nalo lina maana mbili, na kwa bahati Kiswahili kinazibeba zote: usikilizaji wa kina, na kina cha birika.

Basi fanya hivi. Usisikilize baada ya alasiri, barazani kuna bodaboda na salamu za wapita njia. Ngoja baada ya isha. Weka Lear peke yake. Usitafute wimbo, sikio linalowinda wimbo hapa litarudi na njaa, na litakasirika. Chagua sauti moja, ifuate mpaka ife, ujaribu kusema "hapa ndipo ilipoishia." Ukishindwa, chukua nyingine. Sauti ya kusikilizia iwe ya kiasi, kama ya mtu anayezungumza nawe mkeka mmoja.

Na mpwa wako mwambie kweli: mara tatu sikuisikia kodiani, sasa nimepewa dawa, nitajaribu ya nne. Kijana aliyeko mbali akakumbuka kwamba mjomba wake alikuwa mpigaji hatavunjika moyo kwa jibu hilo. Ikiwa ya nne nayo itakuchosha, iache. Hakuna anayedaiwa kuupenda muziki. Lakini niandikie, maana nataka kujua kama ulilipata lile pengo la mvukuto.

*

"Sasa dada. Mimi hutengeneza simu na redio pale Luthuli, Nairobi. Mteja aliniwachia diski ya kundi la Uingereza, AMM, ati ya mwaka 1966. Ni kelele, lakini si kelele ya rock. Vyuma vinakwaruzwa, redio inatafuta stesheni, maiki inalia. Nimeipenda na sijui ni kwa nini. Maswali mawili. Hawa jamaa walikuwa wanajua wanachofanya? Na beshte yangu anasisitiza kelele lazima isikizwe volyumu ikiwa imefika mwisho. Ni kweli?"

Poa kaka. Umeipenda kwa sababu unashinda ndani ya sauti hizo. Redio inayotafuta stesheni kwako ni dalili ya ugonjwa: unaifuata mpaka ujue imetoka wapi. Kusikiliza kwa namna hiyo ndiko kunakotakiwa, na watu wengi inawachukua miaka kukufikia.

Walijua. AMM walianza London mwaka 1965. Eddie Prévost na Lou Gare walitoka kwenye jazi. Keith Rowe alikuwa amesomea uchoraji, na uchoraji ndio uliomfundisha kupiga. Aliona jinsi Mmarekani Jackson Pollock alivyoiacha easeli, ule mhimili wa kusimamishia picha, akalaza turubai sakafuni, akaizunguka na kuidondoshea rangi. Rowe akailaza gitaa la umeme mezani. Cornelius Cardew, aliyejiunga nao mapema 1966, alikuwa na elimu kubwa ya muziki wa Ulaya. Aliwahi kuwa msaidizi wa mtunzi Stockhausen kule Ujerumani. Wa tano ni Lawrence Sheaff. Albamu yao, AMMMusic, ilirekodiwa Juni 1966 katika studio ya Sound Techniques, London. Ile picha ya lori kwenye kasha la manjano ilichorwa na Rowe mwenyewe.

Wewe fundi utaielewa ile gitaa kuliko mwanamuziki. Kinachosikiliza nyuzi si sikio, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Haijali kama waya wa gitaa umetikiswa na kidole au na tupa au na springi. Ukishalilaza gitaa mezani, linageuka benchi lako la kazi: unaweka kitu, unaondoa, unasubiri. Rowe alitumia hata vifeni vidogo vya betri. Na redio ya transista aliiwasha bila kujua nini kingetoka. Siku hiyo ikitoa habari, ni habari. Ikitoa wimbo wa mapenzi, wimbo wa mapenzi unaingia katikati ya vyuma na wenzake wanalazimika kuupokea kama mgeni aliyefika bila taarifa. Hapo ndipo ujuzi wao unaposikika. Usihesabu anayepiga, mhesabu anayeacha kupiga. Mtu akiona sauti ya mwenzake ni ndogo, anatoa mkono. Ndani ya rundo lote lile la milio kuna adabu ambayo nimeikosa kwenye bendi nyingi zenye suti moja.

Ile maiki inayolia unaijua kutoka kwenye mikutano: sauti imetoka kwenye spika, imeingia tena kwenye maiki, imetoka kubwa zaidi, inazunguka. MC huikimbia. Wao waliiacha izunguke mpaka karibu na kuungua, wakaishikilia hapo kwa mkono, kama mtu anayeshikilia mtumbwi kwenye mkondo.

Swali lako la pili nalijibu kwa uzito, kwa sababu lina madhara. Rafiki yako amekosea. Wapo wanaocheza muziki wa kelele kwa nguvu ya kutetemesha kifua, na onyesho la namna hiyo lina raha yake ukiwa na vizibo masikioni. Lakini diski nyumbani haina sababu ya kukuumiza. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda mpaka 90, saa hizo 40 zinakuwa 4. Ukifika 100, unabaki na kama dakika 20 kwa wiki nzima. Kila desibeli 3 unazoongeza, nguvu ya sauti imekuwa maradufu na muda wako umekuwa nusu. Simu yako inaweza kuwekewa programu ya kupimia. Si sahihi kabisa, lakini itakuonyesha kama uko 70 au 95.

Nasema haya nikiwa na sikio la kushoto lililopungua. Kwenye kituo kimoja nilichofanya kazi tulikuwa na hedifoni mbovu, upande mmoja ukipiga ghafla kwa nguvu yote. Nilieleza, nikaambiwa zitanunuliwa nyingine. Zilikuja baada ya miaka miwili. Mpaka leo, chumba kikinyamaza kabisa, sikio hilo lina filimbi yake nyembamba isiyokoma. Nimejifunza kuishi nayo, ila ningependa wewe usiwe nayo. Ukimaliza kusikiliza na masikio yakavuma, umezidisha. Kesho yake yapumzishe. Kazi yako pale Luthuli inategemea sikio kama inavyotegemea mkono.

Kitu kimoja cha kujaribu: sikiliza AMMMusic kwa sauti ndogo, dirisha likiwa wazi, saa moja jioni. Acha mtaa uingie. Mimi hupoteza mpaka kati ya diski na barabara baada ya kama dakika kumi, na matatu inayopiga honi huwa imeingia mahali pake.

*

"Assalaam alaykum bibi. Nakwandikia kutoka Mombasa. Mwanangu wa miaka 17 anazunguka nyumba nzima na simu akirekodi feni, jenereta, friji. Huvichanganya kwenye kompyuta, vikawa vyavuma usiku kucha. Asema ni muziki. Babake asema ni uvivu. Mimi niko kati. Nimkataze?"

Waalaykum salaam mama. Usimkataze. Mpe babake nafasi ya kuzisikia habari mbili.

Mwaka 1944 mjini Cairo, kijana wa Kimisri Halim El-Dabh alipata kuazima mashine ya kurekodi kwa waya, akaenda nayo kwenye ngoma ya zar, ya kupunga pepo, akazirekodi sauti za wanawake. Kisha akaingia studio ya redio, akaziondoa zile sauti za msingi, akabakiza milio ya juu yake tu, akaitandaza kwa mwangwi. Ni miaka minne kabla ya Schaeffer, yule wa kengele niliyemtaja hapo juu, kurekodi treni Paris na kuitwa baba wa kazi hii. Mwafrika alitangulia, na vitabu vingi vilichukua muda mrefu kukiri.

Ya pili ni ya karibu zaidi. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, amelirithi jina kamili la babu yake, Joseph Kamaru, mwimbaji maarufu wa Kikuyu aliyefariki 2018. Mjukuu hapigi gitaa la babu. Hurekodi sauti za mahali, huzivuta, huzitandika tabaka juu ya tabaka. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020 kwa lebo ya Editions Mego ya Austria, na kazi hiyo imempeleka Berlin na kwenye majukwaa mengi ya Ulaya. Wakati huohuo ndiye anayezitoa upya nyimbo za babu yake zisipotee. Simwahidi mwanao safari ya Berlin. Ninachokwambia ni kwamba anachokifanya kina watangulizi, kina mafundi, na kina kazi ngumu ndani yake. Uvivu haurekodi friji kutoka pande nne.

Kuhusu usiku kucha, hapo babake ana haki. Hedifoni baada ya saa nne, na sauti ya kiasi. Msomee yale niliyomwandikia kaka wa Nairobi. Arekodi kwa faili kamili lisilobanwa, asitumie kinasa cha ujumbe. Nje aikinge simu na upepo hata kwa soksi. Feni asiisogelee mbele inapopuliza, asimame ubavuni.

Na siku moja mwite jikoni unapokuna nazi. Mwambie simu asiiweke juu ya mbuzi, itatetemeka na kuharibu yote. Aiweke kwenye kigoda kingine, hatua mbili kutoka kwako, kabla hujaivunja nazi. Azime feni, afunge mlango, na asikwambie lini ameanza.